Mwalimu Asiyepiga Kopi

Ukimuuliza mtu wa Chake Chake habari za Mwalimu, jambo la kwanza atakalokwambia ni kwamba hakuwa akipiga kopi. La pili litategemea kama ana mtoto aliyepita katika chumba chake. Mimi nilisomesha historia chumba cha pili kwa miaka kumi na minne, ukuta mmoja baina yetu, na mdogo wangu Raya alipita katika chumba kile. Alikwenda kutafuta kazi ya ofisini kwa yale aliyofundishwa mle, na nyumbani kwetu sote tuliitegemea kazi hiyo kabla hajaipata. Kwa hivyo nina upande katika habari hizi, ingawa nitajitahidi kuzipanga kama nilivyoziona.

Sote pale skulini tulikuwa walimu, lakini ukisema Mwalimu bila ya kuongeza kitu, watu walijua unamkusudia yeye. Alikuwa mrefu, mkavu, kofia yake imefifia kwa kufuliwa. Alikuja kwa baskeli kutoka Vitongoji, na kabla hajafungua mlango wa chumba cha kompyuta hukaa kitako kizingitini, funguo mkononi, akavuta pumzi. Sijaona mtu mwengine aliyechoka namna ile saa moja ya asubuhi. Wakati mwengine nilipita, nikamsalimu, akaitikia salamu yangu kwa ukamilifu wake, neno kwa neno, kisha akaendelea kuchoka.

Kwa asiyejua, niseme kwanza kopi ni nini. Kompyuta haiwaki kwa umeme peke yake. Ndani yake huwekwa mfumo endeshi, yaani ile programu ya mwanzo inayoiamsha mashine na kuziongoza programu nyengine zote. Upo mfumo wa kampuni, ambao hununuliwa, na upo wa bure, ulioandikwa na watu waliotawanyika duniani, wakamruhusu kila anayetaka autumie na ampe mwenziwe. Wanafunzi waliuita wa kwanza "wa dukani" na wa pili "wa sadaka". Jina hilo la wa dukani lilichekesha, maana Pemba nzima sikumjua mtu aliyewahi kuununua dukani. Kila ofisi ilikuwa nao, na kila ofisi ilikuwa na kopi. Fundi alikuja na sidii yake aliyoizungushia gazeti, akakupigia, akanywa chai, akaenda zake. Hakuna aliyeona kuna kitu kimechukuliwa, kwa sababu aliyekuwa nacho alibaki nacho.

Mwalimu mwenyewe ndiye aliyekuwa fundi wa mwanzo wa kazi hiyo mjini petu, wakati bado anasomesha hesabu. Alinihadithia hivyo bila ya kuficha. Ramadhani moja, baada ya darsa ya alasiri, alimwendea shehe wa msikiti wao akamuuliza juu ya zile sidii. Shehe hakuwa amewahi kuigusa kompyuta. Alimuuliza mambo matatu tu: kama kitu kile kina mwenyewe, kama mwenyewe ameruhusu, na kama yeye Mwalimu angependa mwenyewe atokee mlangoni amkute anakifanya. Mwalimu akarudi nyumbani, akafutari, akazivunja sidii zote kwa tindo juu ya jiwe la kupondea nazi, mkewe akimuuliza jiwe limekosa nini.

Skuli ilipoletewa kompyuta ishirini kuukuu, zilizofutwa kila kitu, mwalimu mkuu alidhani ni suala la siku moja: aitwe fundi apige kopi. Mwalimu alikataa. Aliandika barua kwa watu wa ng'ambo wanaogawa ule mfumo wa bure, na baada ya muda ukaja posta mfuko wa sidii, zimefungwa vizuri, bila ya kudaiwa hata senti. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Mzigo haujakaa siku mbili, sheha, mkubwa wa serikali wa mtaa wetu, akafika skulini, kanzu yake safi, bakora mkononi. Tulikaa naye barazani.

"Mwalimu, nasikia umeletewa mzigo kutoka nje. Nani kakupa?"

"Siwajui, Sheha."

"Wataka nini kwako?"

"Hawataki kitu. Wametoa basi tu."

Sheha alicheka mpaka akakohoa. "Mwaka huu, Mwalimu? Mwaka huu hakuna anayetoa kitu basi tu. Fulana zimekuja hapa, na kila fulana imeandikwa kifuani inachokitaka."

Mwalimu akampa sidii moja akaichunguze. Sheha hakuwa na pa kuichunguzia. Mavuno ya mpunga yalipokaribia niliiona bondeni kwake, imetundikwa kwa uzi juu ya kijiti, inameta, inafukuza ndege.

Ile ilikuwa miaka ambayo kitu chochote chenye pande mbili kiligeuzwa siasa. Kuna duka hukununua, kuna maziko hukuhudhuria, na kuna mtu uliyekua naye mkapishana njiani kama miti. Wanafunzi wakauita mfumo wa dukani "chama tawala" na wa bure "upinzani". Mmoja wao alisema darasani kwamba upinzani hapa Pemba hushinda kila mara, lakini ofisini haukai. Nilisikia kicheko kupitia ukutani. Mwalimu hakumkemea. Alisema, kwa sauti ile yake ya mtu anayeamka, kwamba yeye hakuja kupiga kampeni, na kila mtu afungue ukurasa mpya. Chama chake mwenyewe sikukijua hata siku moja. Watu wa upande huu walidhani ni wa upande ule, na wa upande ule walikuwa na hakika ni wa upande huu, na wote walikubaliana kwamba ni mkaidi.

Alisomesha vizuri. Hilo lazima niliseme, na Raya pia hulisema. Kabla ya kuja ule waya wa umeme wa chini ya bahari, umeme ulikatika zaidi ya ulivyokuwepo, na ukikatika Mwalimu hakuwaachia wanafunzi watoke. Aliwagawia kibodi za karatasi, alizozichora mwenyewe juu ya manila, herufi kwa herufi. Wanafunzi arobaini waligonga karatasi kimya kimya, naye akipita nyuma yao akiwatazama vidole. Raya alijifunza kuandika bila ya kutazama chini kwa njia hiyo, na mpaka leo ukimtazama anaposubiri kitu utaona vidole vyake vinagonga goti. Mwalimu alikuwa na maneno machache aliyoyarudia. "Usibonyeze kwa kubahatisha, soma kwanza imekwambia nini." "Mashine haina haraka, mwenye haraka ni wewe." Na mwanafunzi akilalamika kwamba binamu yake wa Unguja anatumia mfumo mwengine, jibu lilikuwa moja: "Barua ni barua."

Nimesema nitayapanga mambo, basi niweke na yasiyopangika. Nyumbani kwake Vitongoji kulikuwa na sanduku la kanda za taarabu, thamanini na ushei, zote zimenakiliwa kutoka kanda za watu wengine, majina yameandikwa kwa ile kalamu yake nyekundu ya kusahihishia. Nilimuuliza siku moja, tunakunywa kahawa, nyimbo zinaendelea: je, waimbaji wameruhusu? "Hilo bado sijaliuliza," akasema, akaongeza sauti ya redio kidogo.

La kanda lilinichekesha. La pili halikunichekesha. Alikuwa na binti mmoja, rika moja na Raya. Alasiri moja mjini nilimwona Mwalimu anasukuma baskeli, binti yake ubavuni amebeba mkoba. Walisimama kwenye kona, kabla ya kufika kile chuo cha mtu binafsi kinachofundisha kompyuta za wa dukani. Binti akaenda peke yake hatua zilizobaki. Mwalimu aligeuza baskeli, akaniona. Hakuwa na haja ya kunisalimu kwa mbali, lakini alinisalimu. Nami niliitikia, nikaenda zangu sokoni, na nyumbani sikusema. Nilijiambia kwamba chuo kile kina leseni yake, kwa hivyo hakuna kopi, kwa hivyo hakuvunja neno lake. Hilo lilikuwa kweli. Nilijiambia pia kwamba si kazi yangu.

Raya alimaliza wa kwanza katika somo lake. Ofisi moja ya hapa mjini ikatangaza nafasi ya karani, na waliitwa watu tisa kwa mtihani wa vitendo: kuandika barua, kupanga jadweli, kuhifadhi kwenye flashi, kuchapisha, nusu saa. Mama alimpigia pasi buibui mara mbili.

Kuandika barua aliwashinda wote. Alimaliza wengine wakiwa aya ya kwanza. Lakini mashine ile ilikuwa ya wa dukani, toleo jipya, na kila alichokijua kilikuwa kimehamishwa. Mahali pa menyu palikuwa na utepe mpana wa vialama vidogo vidogo. Alitafuta pa kuchorea jadweli. Alifanya kama alivyofundishwa, hakubonyeza kwa kubahatisha, alisoma kwanza, na wakati anasoma wenziwe waliobahatisha walipata. Msimamizi, mama wa makamo, akamwinamia akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, wewe umesomea wapi?" Raya akataja skuli. Yule mama akamtazama mwenziwe, akasema, "Ah, kwa Mwalimu," kama mtu anayetaja ugonjwa unaojulikana. Raya alituhadithia hayo mara moja tu, amekaa ukumbini na buibui lake. Akamalizia kwamba chini ya kioo cha mashine ile, pembeni, kulikuwa na maneno ya kizungu yaliyokuwa yakija na kuondoka, yanasema kopi hii si halali. Alikuwa na wakati wa kuyasoma vizuri.

Nilimwendea Mwalimu kizingitini asubuhi ya pili. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nilimwambia yaliyompata Raya, naye alinisikiliza mpaka mwisho, funguo zimelala kiganjani. Alisema kwamba Raya angepewa wiki moja kwenye mashine ile angeijua. Nikamwambia hakupewa wiki, alipewa nusu saa. Akasema anajua. Kisha akanyanyuka akafungua mlango, kwa sababu kengele ilikuwa imelia, na mimi pia nilikuwa na darasa.

Hakuwa Raya peke yake. Mwaka uliofuata wazee waliitisha mkutano wa kamati ya skuli, wakataka kompyuta zote zipigwe kopi ya wa dukani. Mzee mmoja mchuuzi wa samaki, aliyetoka Tumbe tangu alfajiri na pikapu, alisimama akaweka jambo wazi kuliko sisi wenye vyeti.

"Mwalimu, mie nauza samaki. Mteja akitaka changu, siwezi kumpa dagaa nikamwambia dagaa ana baraka zaidi."

"Na kama changu huyo ameibwa mtegoni, ndani ya dema la mtu, Mzee?"

"Ntauliza mwenye dema yuko wapi. Akiwa hayuko Pemba, ntauza."

Watu walicheka, na Mwalimu naye alitabasamu, lakini nadhani alijua pale kwamba yamekwisha. Waliafikiana nusu kwa nusu. Fundi kijana alikuja akapiga kopi mashine kumi kwa siku moja. Wanafunzi wakarundikana upande huo, watatu watatu kwenye kiti, na upande wa pili Mwalimu akawa anasomesha watoto watano au sita waliochelewa kupata nafasi. Muhula haujaisha, zile kumi zikaingia virusi, moja ikaiambukiza nyengine kwa flashi, zikazimika zote. Mwalimu alizifungua, akazisafisha vumbi kwa brashi ya rangi, akaweka tena mfumo wa bure. Hakusema kwamba alionya. Wanafunzi walirudi upande wake, wakakaa kama watu walioshushwa njiani.

Baadaye ulikuja mradi, ukaleta mashine mpya za wa dukani, zenye leseni halali kila moja. Kopi ikaisha, na mabishano yakaisha, na Mwalimu hakuwa na la kukataa tena. Mashine zake zikapelekwa stoo. Alirudishwa kusomesha hesabu kwa mwaka mmoja na nusu, akastaafu. Mara moja nilimwambia nilichokisoma gazetini, kwamba simu hizi za kupangusa wanazozibeba watu wote, nyingi ndani yake zimejengwa juu ya mfumo wa bure kama ule wake. Nilidhani atafurahi. Aliigeuza geuza simu yangu, akasema, "Basi wanautumia bila ya kuambiwa," akanirudishia.

Mwaka huu jina lake limetoka miongoni mwa wanaokwenda hija. Watu wa kwetu, kabla ya safari hiyo, hupita nyumba kwa nyumba kuomba radhi kwa kila waliyekaa naye, na kwa kawaida jambo lenyewe huchukua dakika mbili. Msafiri husema nisamehe nilipokukosea, mwenyeji husema nimekusamehe na wewe unisamehe, utuombee dua, na kahawa haijapoa. Jumatatu alifika kwetu. Raya alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka skuli ya maandalizi anakosomesha watoto wadogo, kwa posho inayokuja ikipenda, miaka minane sasa. Ofisi hakuwahi kuiingia tena, hata kwa kuomba.

Mwalimu akasema maneno yake kama yanavyosemwa. Mimi nikajibu kama inavyojibiwa.

"Unaniomba radhi ya nini, Mwalimu?" Raya akauliza. Hakuuliza kwa jeuri.

"Ya yote, mwanangu."

"Ya yote nimekusamehe. Lakini nataka utaje."

Hilo halifanywi. Mama aliita jina lake kutoka jikoni, kwa kuonya. Mwalimu alivua kofia, akaiweka gotini. Akasema kwamba ameandika barua mpaka kwa ile kampuni ya ng'ambo, kuomba radhi kwa zile kopi alizowapigia watu zamani, na hawakumjibu, na amekata tamaa ya jibu lao. Lakini hilo lilikuwa jepesi. Kisha akataja.

"Nilijua," akasema. "Nilijua ofisini watakuulizeni mfumo mwengine. Mwanangu mwenyewe nikampeleka akausome. Nyie nikakuacheni na mimi."

Raya alinitazama mimi, si yeye. Sijui aliona nini usoni kwangu, lakini aliona. Akageuka tena kwa Mwalimu.

"Kumpeleka mwanao sikulaumu," akasema. "Ungetwambia tu. Ungesema, huu ni halali lakini hautakupeni kazi, na ule utakupeni kazi, chagueni. Mie labda ningekaa kwako vilevile. Lakini ulinichagulia, na mtihani nikaufanya mie."

Alisema kwamba akisema amesamehe pale pale atakuwa anamdanganya mtu anayekwenda safari kubwa, kwa hivyo ampe siku. Mwalimu akasema ni haki yake. Aliondoka bila ya kahawa.

Jumatano mchana Raya alivaa buibui akaenda Vitongoji, hakutaka nimsindikize. Aliporudi alisema, "Nimempa radhi." Nikamshukuru. Akaendelea kwamba amemwambia pia: darasani kwao walikuwa arobaini, na yeye ni mmoja.

Mwalimu alikuwa na siku moja na nusu kabla ya kuondoka. Aliwapata wachache mjini, na wawili Tumbe, na mmoja wao Mwalimu alimfuata mpaka kwenye mnada wa samaki, akamwomba radhi katikati ya watu wanaonadi. Ijumaa asubuhi nilimsindikiza bandarini Mkoani kwenda kupanda boti ya Unguja. Ndugu zake walishughulika na mabegi. Yeye alikaa pembeni na simu yake, anampigia mwanafunzi wa Kisiwa Panza ambaye kwake hakupata nafasi ya kuvuka. Spika ya simu ilikuwa juu, kama ilivyo kwa wazee wote, na sote tulisikia.

Yule kijana alifurahi sana. Alimwita Mwalimu wangu, Mwalimu wangu, akamuuliza hali, akamwombea safari njema. Kuhusu radhi alishangaa.

"Radhi ya nini, Mwalimu? Hukunikosea kitu. Mie n'nauza pweza, hiyo kompyuta hata kuiwasha sijui tena."

Walikuwa wanaita abiria. Mwalimu aliisogeza simu karibu na mdomo, akamwambia kwamba hiyo ndiyo anayoiombea radhi.